Mwenye Nyumba Hakuulizwa

  

Ndugu msomaji, pengine utastaajabu kuona mwalimu wa chuo, aliyezoea kuandika habari za twahara na mirathi, leo ameshika kalamu kuandika habari za kompyuta. Usistaajabu. Bei, ijara, amana na idhini ni milango ya fiqhi, na watu wa zama hizi wananunua na kupangishana, wanaaminiana na kuhiniana, ndani ya mitambo hii kama wafanyavyo sokoni. Fiqhi yetu ikiishia kwenye ngano na tende, ni sisi tutakaokuwa tumeifunga mlango.

Kila mara kampuni kubwa inapobadilisha mfumo unaoendesha kompyuta za watu, huinuka makelele dunia nzima. Wengine hulalamika kwa adabu, wengine hutukana, wengine hutafuta vijana mafundi wa kuwarudishia mfumo wa zamani. Na wako wanaoyasikia makelele hayo wakasema: "Hawa ni watu wa jana, hawapendi mambo mapya." Kijana mmoja katika barza yetu aliniuliza hasa: je, kulalamika huku si kukosa shukurani, maadamu mtu anapewa kipya? Nikamwomba muhula. Nimeyafuatilia mambo haya kwa muda, nikayapambanua moja moja, na naona kwamba wengi katika hao waliolaumiwa hawakuwa wakililia ya kale hata kidogo. Walikuwa wakilalamika kwamba mtu ameingia ndani mwao bila ya hodi.

Kwa msomaji asiyezoea mambo haya, ni vizuri tueleze kidogo. Kompyuta haifanyi kazi kwa chuma chake peke yake. Ndani yake mna mfumo unaoamrisha vyote. Ndio unaofungua daftari, unaopiga chapa, unaotunza picha na hesabu. Mfumo ulioenea zaidi katika kompyuta za mezani ni ule uitwao Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mtu huuzoea mfumo wake kama azoeavyo nyumba yake: hata usiku wa giza anajua mtungi uko wapi na mlango unafunguka upande gani. Ukimhamishia mtungi bila ya kumwambia, atajikwaa, na utakuwa ni uonevu kumcheka.

Katika mfumo huo, tangu tarehe 24 Agosti 1995, pembeni chini upande wa kushoto wa kioo palikuwa na kitufe kiitwacho Start. Kila kitu kilianzia hapo. Kwa miaka 17 kila mwanafunzi wa kompyuta alionyeshwa kitufe hicho kwanza, kama mwanafunzi wa chuo anavyoonyeshwa alifu. Kisha tarehe 26 Oktoba 2012 ikatoka Windows 8, na kitufe hakipo. Mahali pake kioo kizima kilijaa vigae vya rangi, kwani kampuni ilitaka mfumo mmoja ufae kompyuta za mezani na zile za kuguswa kwa vidole. Watu wakapiga makelele. Wakatokea mafundi wa nje wakatengeneza programu ndogo za kukirudisha kitufe, na watu wakazigombania. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Oktoba 2013, kampuni yenyewe ikakirudisha katika Windows 8.1, lakini ukikibofya kilikupeleka kule kule kwenye vigae. Watu waliomba mlango, wakapewa picha ya mlango. Orodha yenyewe haikurejea mpaka Windows 10, tarehe 29 Julai 2015.

Katika kadhia hii ya kwanza, insafu inatutaka tuseme kwamba kampuni haikufanya dhulma kubwa. Fundi ana haki ya kujaribu umbo jipya, na aliyekuwa na Windows 7 hakulazimishwa kuhama siku ile. Sehemu kubwa ya makelele ilikuwa ni mazoea, na mazoea si hoja mbele ya kadhi.

Lakini pana jambo ambalo wahandisi vijana hawalioni, na mimi nimeliona kwa macho yangu. Katika chuo chetu, daftari la ada na la mapato ya wakfu linaandikwa na mzee mmoja mwenzangu. Alijifunza kompyuta akiwa na wajukuu. Hakuona haya kuketi na vijana na kufundishwa, na kwa kuwa kumbukumbu ya uzeeni ni ya kuazima, aliandika kila hatua katika daftari dogo kwa herufi za Kiarabu: bofya hapa, kisha pale, kisha ngoja mpaka kiduara kiishe kuzunguka. Daftari lile ndilo lililokuwa elimu yake. Kompyuta ya ofisi ilipobadilishiwa mfumo, kurasa kadhaa za daftari lile zikawa batili kwa siku moja. Mzee alikaa mbele ya kioo muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake, na yule mtoto, kwa utoto wake, akacheka.

Sasa, ni kitu gani alichopoteza mzee huyu? Hesabu zake zilikuwepo zote. Alichopoteza ni heshima yake ya kujua. Ile hali ya kuweza kuketi mbele ya chombo na kufanya kazi yake bila ya kumwomba mtu. Kijana wa miaka 20 hulipia mabadiliko haya kwa saa moja ya kuhangaika. Mzee hulipia kwa miezi, na wengine hawalipi kabisa. Hunyamaza, wakakiacha chombo, na ile kazi wakamwachia mwingine. Hao hawahesabiwi katika walalamikaji, kwani hawajui hata wapi pa kulalamikia.

Tuje sasa kwenye kadhia ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Windows 10 ilipotoka, kampuni ilitangaza kwamba wenye Windows 7 na Windows 8.1 wataweza kuhamia bure kwa muda wa mwaka mmoja, mpaka tarehe 29 Julai 2016. Zawadi ni jambo jema. Lakini katika kompyuta za watu likatokea dirisha dogo la kuwakumbusha, na likawa haliondoki. Ukilifunga leo, kesho limerudi. Kisha, katika mwezi wa Septemba 2015, kampuni ikakiri kwamba mafaili ya mfumo mpya yalikuwa yakipakuliwa katika kompyuta za watu hata kama hawajayaomba, ili yawe tayari wakiyahitaji. Nayo ni mafaili ya gigabaiti kadhaa. Kwa mtu wa Marekani mwenye intaneti isiyo na kipimo, hiyo ni pumzi tu. Sisi huku tunaonunua bando kwa shilingi, tena la siku moja moja, tunajua maana yake: mtu amelala, na asubuhi akiamka fedha yake imekwisha kwa kununuliwa kitu asichokiagiza.

Na haikuwa kwetu tu. Huko Chinko, mashariki ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, wako watu wanaolinda wanyama na majangili, na intaneti yao hutoka kwenye setilaiti kwa gharama kubwa. Mwaka 2016 walilalamika hadharani kwamba kompyuta yao imeanza yenyewe kujipakulia Windows 10 kupitia mkondo huo huo mwembamba wanaoutegemea katika kazi ya kuwaongoza walinzi wao porini. Hebu fikiri, ndugu yangu: mtu yuko msituni mbele ya watu wenye bunduki, na nyuma yake chombo kimeshughulika kubadilisha mapambo.

Lakini lililo zito zaidi lilikuja mwezi wa Mei mwaka huo huo. Dirisha lile la ukumbusho lilipotokea na tarehe ya kuhamishwa imekwisha pangwa, watu walibofya alama ya X iliyo pembeni. Msomaji anayejua kompyuta anajua maana ya alama hiyo. Tangu madirisha ya kompyuta yawe na X, maana yake ni moja: funga, sitaki. Safari hii kuifunga hakukufuta miadi. Kampuni ilihesabu kwamba mtu ameona, hakukataa mahali panapotakiwa, basi ameridhia. Watu wakarudi kwenye kompyuta zao wakakuta mfumo umebadilishwa.

Hapa ndipo fiqhi inapokuwa na neno. Katika madhehebu yetu ya Kishafii pana kanuni mashuhuri, ya kwamba mtu aliyenyamaza hanasibishiwi kauli asiyoitamka. Naam, wanavyuoni wameweka na mahali ambapo kunyamaza huhesabiwa kuwa ni jawabu, pale penye haja ya kusema na mtu asiseme. Huenda wakili wa kampuni angeshika hapo. Lakini hawa hawakunyamaza! Walibofya alama ya kukataa. Kuichukua ishara ya kukataa ukaifanya ya kukubali kumepita mlango wa kunyamaza, kumeingia katika mlango wa tadlisi, yaani kumfichia mnunuzi. Sote tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika fungu la nafaka, akakuta chini pamerowa na juu ni pakavu, na jinsi alivyomkemea mwenye nafaka kwa kutoliweka juu lile lililorowa watu walione. Kitufe kisemacho jingine na kutenda jingine ni fungu lile lile.

Mwenye biashara ndogo katika jimbo la California, ambaye kompyuta yake iliharibika kazi baada ya mabadiliko hayo, alikwenda mahakamani akashinda, akalipwa dola 10,000. Kampuni iliacha kukata rufaa. Mwezi wa Juni ikalibadilisha dirisha lake ili X iwe na maana ya X. Na mwisho wa mwaka 2016 mkuu wake wa masoko, Chris Capossela, akakiri hadharani kwamba katika wiki zile walivuka mpaka. Tunamshukuru kwa kukiri. Lakini angalia ni kitu gani kilichomfikisha hapo: ni yale makelele yaliyoitwa ya watu wasiopenda mapya.

Msomaji mwenye busara atasema: "Sheikh, unaisikiliza daawa ya upande mmoja. Je, kama mabadiliko yanamkinga mtu na wezi?" Ni swali la haki, na lazima tulijibu vizuri, kwani jawabu lake lina sura mbili.

Mifumo hii ina nyufa. Wahandisi wakiuona ufa hutengeneza kiraka, nacho hupelekwa katika kompyuta za watu; vijana wa mjini huita apdeti. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja mbaya. Wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo, kirusi kiitwacho WannaCry kikaingia kupitia ufa ule ule, kikayafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 zikapatwa, katika nchi kama 150. Huko Uingereza hospitali nyingi zilikwama, wagonjwa wakarudishwa, miadi ya upasuaji ikafutwa. Na kirusi hakikukaa kwa aliyezembea tu. Kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta, kama moto wa makuti unavyoruka kutoka paa hadi paa.

Sasa tazama hekima ya dini yetu. Katika Sura ya An-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tupige hodi na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Ni amri iliyo wazi. Pamoja na hayo, wafasiri na wanavyuoni wamesema kuwa nyumba ikiwaka moto, au mwizi akiivamia, unaingia bila ya kungoja idhini. Basi mwenye kuingia na ndoo ya maji kuzima moto hana lawama, hata akivunja mlango. Kwa hiyo kiraka cha kuziba ufa, kampuni ikikiweka kwa haraka, mimi sina ugomvi nayo, na wanaokikataa kwa inadi wanawaweka majirani zao katika hatari.

Lakini ikiwa aliyeingia kuzima moto atatoka akiwa amehamisha kitanda, amebadilisha pazia, na ameacha tangazo la biashara yake ukutani, je, utasema ameingia kwa dharura? Hili ndilo lililofanyika. Dirisha lile la kuwahimiza watu wahamie Windows 10 lililetwa katika kompyuta kwa njia ile ile inayoletea viraka. Mkono uliobeba ndoo ndio uliobeba tangazo. Matokeo yake watu wengi, kwa kukosa kuamini, wakaifunga njia yote: wakazima apdeti zisije kabisa. Sisemi kwamba kila aliyeungua mwaka 2017 alikuwa amefunga mlango kwa sababu hiyo. Wako waliozembea tu, na wako wenye kompyuta kongwe. Ila amana ikivunjwa mara moja, hata mwenye ndoo ya kweli hugonga asifunguliwe, na hapo huteketea aliyemo ndani pamoja na jirani yake asiye na hatia. Kwangu mimi hii ndiyo hasara kubwa ya kadhia nzima, kuliko bando lililopotea na kuliko zile dola 10,000.

Na pana jingine linaloumiza. Tarehe 2 Oktoba 2018 kampuni ilianza kutoa apdeti kubwa ya Windows 10. Siku chache baadaye ikaisimamisha, kwani baadhi ya watu walikuta mafaili yao yamefutwa: barua, picha, kazi zao. Si kirusi kilichofuta, ni apdeti yenyewe. Kampuni ikaeleza kwamba waliotoa taarifa ya kufutiwa ni sehemu moja tu katika elfu kumi ya walioipokea. Ikarekebishwa, ikatolewa tena tarehe 13 Novemba.

Moja katika elfu kumi! Kwa mwenye hesabu ni kidogo. Kwa aliyepoteza picha ya marehemu mama yake, isiyo na nakala kwingine, ni yote. Lakini si hilo ninalotaka ulione. Kampuni ina mahali maalumu ambapo watu wanaojitolea kuijaribu mifumo kabla haijatoka huandika wanayoyaona. Na miezi kabla ya apdeti ile kutoka, wako waliokwisha andika hapo kwamba mafaili yao yamepotea. Habari ilifika. Ila mahali pale mambo yalikuwa yakipandishwa kwa wingi wa wanaoyaunga mkono, na habari ile ilikuwa na wachache, ikazama chini ya mengine yaliyopendwa zaidi. Baada ya msiba ndipo kampuni ikaongeza njia ya mtu kueleza ukubwa wa madhara yaliyompata, isiwe kinachohesabiwa ni idadi peke yake.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, akiwa Madina, alichelea kuulizwa na Mola wake habari ya mnyama atakayejikwaa njiani huko Iraq kwa kuwa yeye hakuitengeneza njia. Mnyama mmoja, tena asiyeweza kupiga kura! Tofauti ya kadhi na mnadi ni hiyo: mnadi husikiliza sauti iliyo juu, na kadhi husikiliza hata sauti moja ikiwa imebeba haki. Wanaoendesha mifumo inayotumiwa na mamia ya mamilioni wamekwisha kuwa makadhi bila ya wenyewe kujua.

Sitarefusha habari ya mwaka 2024, ilipotangazwa tarehe 20 Mei huduma iitwayo Recall, ya kuipiga picha kioo cha kompyuta kila baada ya sekunde chache ili mtu aweze kukumbuka alichokiona. Mafundi wa usalama wakaonya, watu wakakasirika, na tarehe 7 Juni, hata wiki tatu hazijatimia, kampuni ikatangaza kwamba huduma hiyo haitawashwa ila kwa mwenye kuiwasha mwenyewe. Kisha ikaahirisha kuitoa. Sura ya Al-Hujurat imetukataza kupelelezana. Hapa watu walikataa kabla jambo halijaingia ndani, na likawa jepesi.

Lakini na sisi walalamikaji tuna adabu zetu. Nimeonyeshwa na vijana maneno wanayoandikiwa wahandisi, na mengine sitayatia katika ukurasa huu. Mhandisi aliyehamisha kitufe hakuamka asubuhi akanuia kumwudhi mzee wa pwani. Aghalabu ni mwajiriwa, ameamrishwa. Dhulma ya kampuni haimhalalishii mtu heshima ya mwajiriwa wake, na lalamiko lililochafuliwa kwa matusi humpa mwenye makosa sababu ya kuziba masikio. Waliofaulu katika kadhia nilizozitaja ni wale walioeleza: siku fulani nilibofya hapa, likatokea hili, nikapoteza kile. Huo ni ushahidi, na ushahidi husikilizwa.

Wengine husema kwamba yote haya hayana maana, kwa kuwa katika mkataba wake kampuni imeandika waziwazi kuwa programu haikuuzwa. Mtu amepewa ruhusa ya kuitumia tu. Haya, tukubali. Basi mtu huyu si mnunuzi, ni mfano wa mpangaji. Na je, katika mlango wa ijara mpangaji hana haki? Mwenye nyumba hawezi kumpangisha mtu nyumba yenye kisima, kisha katikati ya muda akakifukia na kudai kodi ile ile. Manufaa yaliyokubaliwa yakipungua, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba na kurejeshewa kilichobaki. Laiti kampuni zingejifanya wapangishaji wa kweli, wengi wangeridhika. Taabu ni kwamba siku ya kutoza bei chombo huwa kimeuzwa, na siku ya kudai haki huwa kimeazimwa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 zama za Windows 10 zilikoma. Yaani viraka vya bure kwa watu wote viliishia siku hiyo. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, haikubali kompyuta isiyo na chipu maalumu ya usalama na kichakataji cha miaka ya karibuni, na kwa hiyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018, zingali nzima na zinafanya kazi, hazikubaliwi. Walioshindwa kuhama wakapewa njia ya kuongezewa viraka kwa mwaka mmoja, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026: kwa kulipa dola 30, au kwa kukubali kuhifadhi mipangilio yao katika akiba ya kampuni. Jumuiya za kutetea walaji za Ulaya zikapinga sharti hilo, na mwezi wa Septemba 2025 kampuni ikawaondolea wakazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya. Wao wakapewa mwaka ule bila ya malipo na bila ya sharti la kuhifadhi. Sisi wengine tulibaki na masharti yetu. Moto ni ule ule, na ndoo ni ile ile, ila kule kulikuwa na watu waliokwenda kusema.

Hapa kwetu kompyuta nyingi za vyuo na za maskuli zimenunuliwa zikiwa zimekwisha tumika Ulaya na Uarabuni, na miaka yake ni hiyo hiyo isiyokubaliwa. Kompyuta ya chuo chetu ni mojawapo. Vijana walinieleza njia tatu: kulipa, kukubali sharti, au kuweka mfumo mwingine uitwao Linux, ambao hutolewa bure na haumlazimishi mtu. Nikawaambia wasiguse kitu mpaka tumwulize anayeitumia. Mzee aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akauliza daftari la wakfu litafunguka vipi katika kila njia, akataka aonyeshwe. Akaonyeshwa mchana mzima, akachagua ile ya tatu. Siku iliyofuata alikuja na daftari dogo jipya, akaanza kuandika hatua zake kwa herufi zile zile za Kiarabu, ila safari hii anaandika kwa kalamu ya risasi.